Maji yameganda, maziwa yameganda: kutofautisha mabadiliko ya kimaumbile na ya kikemia

Kiswahili kina vitenzi vinavyokaa pande zote mbili za mpaka huu. Maji huganda, mafuta ya nazi huganda, maziwa huganda, damu huganda. Chumvi huyeyuka majini, nta huyeyuka motoni, na mwanafunzi akitia zinki kwenye asidi ataandika vilevile kwamba "imeyeyuka". Nguo zimekauka kambani; saruji nayo, fundi atakuambia imekauka. Kitenzi ni kimoja, matendo ni mawili, na alama za mtihani hupotelea hapo. Orodha ya kukariri haifui dafu, kwa sababu swali litakalokuja halitakuwa kwenye orodha. Kinachofaa ni kuweka vitu viwili vinavyofanana kwa nje ubavu kwa ubavu, kisha kuuliza swali moja: kilichobaki ni dutu ileile, au imezaliwa nyingine?

Badiliko la kimaumbile hugusa hali, umbo, ukubwa au mpangilio wa chembe, na molekuli zenyewe hubaki zilivyokuwa. Badiliko la kikemia huvunja vifungo kati ya atomu na kuunda vingine, hivyo kinachotoka kina jina lake, fomula yake na tabia zake.

Sifa kwanza, badiliko baadaye

Watu wengi huchanganya sifa na badiliko, ilhali sarufi yetu inayatenganisha vizuri. "Mafuta ya taa huwaka" ni sifa. "Mafuta ya taa yamewaka" ni badiliko. Kiambishi hu- kinataja uwezo uliomo ndani ya dutu hata ikiwa imetulia kwenye chupa. -Me- kinataja jambo lililokwisha kutokea.

Sifa ya kimaumbile unaipima na dutu inabaki mikononi mwako. Mafuta ya taa yana harufu yake, huelea juu ya maji, na mililita moja ina uzito wa takriban gramu 0.8. Ukimaliza kupima unayarudisha kwenye kopo. Sifa ya kikemia huijui mpaka uitoe dutu kafara: ili uthibitishe kwamba mafuta ya taa huwaka, lazima uchome kiasi, na hicho ulichochoma sasa ni mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Hakirudi.

Kosa linalojirudia ni kuandika kuwa kuwaka ni sifa ya kimaumbile "kwa sababu moto unaonekana kwa macho". Kuonekana si kigezo. Kosa la pili ni kinyume chake: kudhani kiwango cha kuchemka ni sifa ya kikemia kwa sababu ili kukipima lazima dutu ibadilike. Inabadilika, ndiyo, lakini kutoka maji kuwa mvuke wa maji, na vyote viwili ni H2O.

Kiwango hicho, tukiwa tumekigusa, hakifai kuandikwa peke yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni ndogo kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za selisiasi badala ya 100. Mwanafunzi wa Mombasa na wa Nairobi wakipima vizuri watapata majibu tofauti na wote watakuwa sahihi. Anayesoma 94 na kuandika 100 kwa kuogopa kitabu ndiye aliyekosea. Kiwango cha kuchemka hutambulisha dutu pale tu kanieneo inapotajwa. Uzito na ujazo navyo ni sifa za kimaumbile, ila havitambulishi chochote: kilo moja ya sukari na kilo moja ya misumari ni kilo moja tu.

Kuganda: friza na meza ya jikoni

Chukua nusu lita ya maji na nusu lita ya maziwa mabichi. Maji yakiingia kwenye friza yanakuwa barafu kwenye nyuzi 0. Yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na ndiyo sababu chupa iliyojazwa hadi shingoni hupasuka, lakini ukiyapima kwa mizani uzito ni uleule. Molekuli zimejipanga kwa nafasi kubwa zaidi, basi.

Maziwa yaliyoachwa mezani yanafuata njia nyingine. Bakteria hula laktosi, sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka uchachu ukizidi, inashuka kutoka karibu 6.7, na inapokaribia 4.6 protini inayoitwa kaseini hushikana na kuwa mabonge. Hiyo ndiyo mala. Uchachu unaouonja haukuwemo asubuhi; umetengenezwa. Sukari fulani imetoweka na asidi imechukua nafasi yake.

Sasa weka maziwa yaleyale, mabichi na mazuri, kwenye friza. Nayo yataganda, kimaumbile, na yakiyeyuka yatarudi kuwa maziwa matamu, ingawa mafuta yanaweza kujitenga kidogo. Kwa hiyo jibu la "maziwa kuganda ni badiliko gani?" halipo mpaka ujue yameganda kwa baridi au kwa uchachu. Mtahini asiyesema ameuliza swali bovu. Wewe taja yote mawili.

Mafuta ya nazi yana mtego wa aina hiyo. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hapa Nairobi ziko chini sana ya hapo, kwa hiyo chupa iliyonunuliwa ikiwa maji inaamka ikiwa jiwe jeupe. Hakuna kilichoharibika: isimamishe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Lakini mafuta yakitoa ile harufu kali ya mafuta ya zamani, oksijeni ya hewa imekwisha kuyala. Hilo ni la kikemia, na hakuna kiasi cha kupasha moto kitakachoyaponya.

Yai likichemshwa huwekwa upande wa kikemia, na ni sawa: protini hukunjuka, kisha vifungo vipya vya salfa huunganisha moja na nyingine. Kuganda kwa damu kwenye kidonda ni upande huohuo.

Kuyeyuka: pima kinachobaki

Hapa kuna jaribio linalomaliza ubishi wote, nalo halihitaji maabara ya fahari. Kausha maji, uangalie mabaki.

Koroga gramu 20 za chumvi katika mililita 100 za maji safi. Inapotea yote, kwa kuwa maji ya kiasi hicho yana uwezo wa kubeba hadi gramu 36 hivi. Chemsha taratibu, na maji yakikaribia kwisha punguza moto kabisa, la sivyo chumvi itaruka nje kwa mlio wa kupasuka na hesabu yako itapungua. Utapata karibu gramu 20, nyeupe, za chumvi ileile. Chembe zilitawanyika majini, zikakusanyika tena.

Zinki kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa nayo inapotea, tena kwa mapovu. Ukikausha kimiminiko kile hutapata zinki ya kijivu. Utapata chumvi nyeupe, zinki kloridi, na gesi iliyotoka ni hidrojeni inayolipuka kwa mlio mdogo ukiikaribishia kijiti kinachowaka. Kwa hiyo "imeyeyuka" haifai kabisa hapa. Andika "imetenda na asidi".

Sukari peke yake ina pande tatu. Kwenye chai inayeyuka kama chumvi. Kwenye kikaango kikavu, ikikaribia nyuzi 186, inayeyuka kama nta, lakini kabla hujapumua imeanza kuwa ya dhahabu, kisha kahawia, na harufu imebadilika: huo ni ukemia umeingia, maji yanang'olewa kutoka kwenye molekuli zenyewe. Ukiendelea, inabaki kaboni nyeusi. Mpaka kati ya kuyeyuka na kuungua kwa sukari ni mwembamba mno, na jibu zuri hutaja hatua zote badala ya kuchagua moja.

Mapovu matatu

Sufuria ya maji inayochemka, chupa ya soda iliyofunguliwa, na magadi yaliyokamuliwa limau. Zote zinatoa mapovu, na ya tatu pekee ndiyo ya kikemia.

Mapovu ya maji yanayochemka ni mvuke wa maji. Wanafunzi wengi huandika kuwa ni hidrojeni na oksijeni, kana kwamba jiko la makaa linaweza kupasua molekuli ya maji. Haliwezi. Mapovu ya soda ni kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa kiwandani. Ukifungua kizibo kanieneo inashuka na gesi inatoka. Magadi, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado na kutiwa kwenye githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi, yana sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti. Asidi ya limau ikiyagusa inatengeneza kaboni dayoksaidi ambayo dakika moja kabla haikuwa gesi popote.

Uzuri wa ulinganisho huu ni kwamba kipimo cha maji ya chokaa kinashindwa kuutatua. Pitisha gesi ya soda kwenye maji ya chokaa, yatakuwa meupe kama maziwa. Pitisha ya magadi, yatakuwa meupe pia. Kipimo kinakuambia gesi ni ipi, hakikuambii ilizaliwa lini. Swali la kuuliza ni: gesi hii ilikuwemo kabla sijagusa kitu?

Kukauka: neno linalowagharimu mafundi

Hili tulikalie kitako, maana hasara yake hulipwa kwa shilingi.

Nguo zikikauka, maji yamekwenda hewani na pamba imebaki pamba. Tope la udongo likikauka ni vilevile. Limwagie maji, litarudi tope. Saruji haikauki kwa maana hiyo. Madini yake hufungana na maji na kuunda dutu mpya: jeli ngumu ya kalsiamu, silika na maji, pamoja na kalsiamu hidroksaidi. Joto hutoka, ndiyo maana zege nene huwa na uvuguvugu saa kadhaa baada ya kumwagwa. Na hushika hata likiwa chini ya maji, jambo ambalo "kukauka" haliwezi kulieleza.

Mfuko wa kilo 50 hufunga kikemia maji yasiyozidi robo ya uzito wake, yaani kama lita 12. Fundi hutia lita 25 hadi 30 kwa sababu zege lenye lita 12 halisambaziki. Yale ya ziada huondoka kimaumbile, kwa kukauka kweli, na kila tone linaloondoka linaacha kitundu. Ndani ya koleo moja la zege, basi, kuna mabadiliko yote mawili yakienda kwa pamoja, na kosa la kawaida ni kuyafanya yashindane: jua likiyavuta maji yote siku ya kwanza, ukemia unakosa malighafi na kusimama. Sakafu inakuwa na nyufa na kutoa vumbi kila ikifagiwa. Dawa ni kuifunika kwa magunia na kuimwagia maji angalau siku 7. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28 kwa sababu mmenyuko bado unaendelea muda wote huo.

Ujuzi huohuo unasaidia ukikuta mabonge kwenye mfuko uliokaa stoo. Bonge linalovunjika kwa vidole limeshikana kwa kubanwa na mifuko ya juu, ni la kimaumbile, saruji inafaa. Bonge linalohitaji nyundo limekwisha kunywa unyevu na kufanya kazi yake huko mfukoni. Kulisaga kunakupa unga wa kijivu unaofanana na saruji, na hautashika kitu. Mabonge ya mchanga wenye unyevunyevu, kwa upande mwingine, yavunje tu uendelee.

Rangi za ukutani nazo zina ugomvi wao. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuondoka na chembe za plastiki kukaribiana hadi zikashikana. Hakuna dutu mpya, ingawa ukuta ukishakauka hauoshi ukapata rangi ya kwenye kopo tena. Rangi ya mafuta huanza kimaumbile, kizimulishi kikiruka na harufu yake kali, kisha mafuta yaliyobaki hunyonya oksijeni na kujifunga kuwa utando mgumu. Ule utando unaoukuta juu ya kopo lililofunguliwa mwezi uliopita ni oksijeni iliyoufanya. Usijaribu kuukoroga na tina (kizimulishi) mpaka upotee, hautapotea, utakuachia vipande ukutani. Ukate pembeni kwa kisu, uutoe mzima, uchuje iliyobaki kwa kitambaa cha soksi.

Chokaa ya kupaka ni kisa kingine: inapoteza maji, halafu inameza kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, jiwe lilelile lililochomwa tanurini.

Nyundo, moto na bati

Tembea kwenye karakana za jua kali pale Kamukunji, Nairobi, usikie nyundo. Bati linakunjwa kuwa sanduku, karatasi ya chuma inapindwa kuwa jiko, alumini chakavu inayeyushwa kwenye nyuzi 660 na kumiminwa kwenye ukungu wa mchanga. Yote hayo ni ya kimaumbile. Kelele, joto na jasho havibadilishi dutu. Alumini iliyotoka ni alumini iliyoingia, isipokuwa ule utando wa kijivu wanaoukwangua juu, ambao ni oksaidi.

Kutu ni upande wa pili. Chuma, maji na oksijeni vikikutana hutengeneza oksaidi yenye maji ndani yake, nyekundu, yenye kubomoka, isiyovutwa na sumaku kama chuma kinavyovutwa. Gramu 100 za chuma zikigeuka zote kuwa oksaidi hiyo, hata bila kuhesabu maji, huwa gramu 143. Msumari wenye kutu ni mzito kuliko ulivyokuwa, jambo linaloshangaza watu waliozoea kusema kutu "imekula" chuma.

Kuchomelea bati lililopakwa zinki ni mahali ambapo kutojua tofauti kunadhuru mwili. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, wakati chuma kinahitaji karibu 1,500. Kwa hiyo kabla chuma hakijayeyuka, zinki imekwisha kuwa mvuke (kimaumbile), na mvuke huo ukigusa hewa unaungua kuwa moshi mweupe wa zinki oksaidi (kikemia). Anayeuvuta hupata homa na kutetemeka jioni yake. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayauzuii. Kwangua zinki sentimita chache kila upande wa kiungo, fanyia kazi mahali pa wazi, na usisimame upande upepo unakoelekea.

Mtungi wa gesi nao una nusu mbili zisizochanganyika. Ndani ni kimiminiko cha propani na butani. Ukifungua koki kinachemka na kuwa gesi, na kwa kuwa kuchemka hula joto, mtungi unakuwa baridi hata kutoa umande. Hapo bado hakuna ukemia. Butani huchemka kwenye nyuzi -0.5 tu, propani kwenye -42, ndiyo maana asubuhi ya baridi mtungi unaoelekea kwisha hutoa moto mdogo. Usiupashe kwa jiko. Ukemia unaanza kwenye pete ya jiko: mwale wa bluu ukionyesha kuungua kukamilifu, wa manjano unaoacha masizi kwenye sufuria ukionyesha hewa haitoshi. Masizi hayo ni kaboni. Safisha matundu ya pete kwa sindano na ufungue tundu la hewa chini yake.

Dalili zina thamani gani?

Vitabu hutoa dalili za badiliko la kikemia: rangi, gesi, joto, mashapo, kutorejea. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Kila moja ina mwongo wake.

| Dalili | Inapodanganya (kimaumbile) | Inaposema kweli (kikemia) |
|---|---|---|
| Rangi kubadilika | zinki oksaidi nyeupe huwa njano ikipashwa, hurudi nyeupe ikipoa | chai ya rangi hupauka ikitiwa limau |
| Mapovu | soda, maji yanayochemka | magadi na limau |
| Joto au baridi | mbolea ya yurea ikikorogwa majini hupoza ndoo | chokaa mbichi ikimwagiwa maji huchemka |
| Harufu mpya | kufungua chupa ya manukato | nyama iliyooza |
| Kutorejea | mahindi yaliyosagwa, karatasi iliyochanwa | kuni kuwa majivu |

Dalili ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote, na inasikitisha kwamba ndiyo inayofundishwa kwanza. Unga haurudi kuwa punje, na kusaga ni kwa kimaumbile. Kwa upande wa pili, fuwele za bluu za kopa salfeti hugeuka nyeupe zikichomwa na kurudi bluu zikidondoshewa maji, na hilo ni la kikemia. Kigezo cha kurejea kifukuzwe darasani.

Ugali unaonyesha ugumu wenyewe. Wanga hunywa maji moto na chembe zake huvimba na kupasuka, lakini minyororo ya glukosi haikatiki. Kwa sehemu kubwa ni badiliko la kimaumbile lisilorejea. Ukoko wa kahawia chini ya sufuria, ule watoto wanaougombania, ni wa kikemia bila shaka yoyote.

Majaribio mawili ya maabara yanayofaa kuwekwa sambamba

La kwanza ni chuma na salfa. Changanya gramu 7 za vumbi la chuma na gramu 4 za unga wa salfa. Ukichukua vumbi la chuma kwenye meza ya fundi, lioshe kwa sabuni na ulikaushe, kwa kuwa huwa na mafuta. Funga sumaku kwa karatasi, ipitishe juu: chuma kinaruka, salfa inabaki. Huo ni mchanganyiko. Kisha weka kiasi cha kijiko cha chai kwenye neli ya kioo kigumu na upashe sehemu ya chini. Ikianza kung'aa nyekundu, ondoa moto. Mng'ao utaendelea kupanda wenyewe, kwa joto la mmenyuko. Kinachobaki ni bonge la kijivu-nyeusi, chuma salfaidi, ambalo sumaku hailivuti. Ikilivuta, ama chuma kilizidi ama hukuchanganya vizuri. Ukidondoshea asidi iliyozimuliwa, salfaidi itatoa gesi yenye harufu ya yai viza. Hiyo ni sumu: tone mbili tu, madirisha wazi.

La pili ni kopa salfeti dhidi ya zinki oksaidi, zote zikipashwa na zote zikibadilika rangi. Pima gramu 10 za fuwele za bluu. Laza neli, mdomo ukiinama chini kidogo, kwa sababu maji yanayotoka yakirudi kwenye kioo cha moto yataipasua. Pasha polepole mpaka iwe nyeupe, ipoe, upime: inapaswa kuwa karibu gramu 6.4, yaani asilimia 36 iliyokuwa maji imeondoka. Ukiona weusi, umepitiliza, umeanza kupata kopa oksaidi, na maji hayatairudishia bluu yake. Zinki oksaidi, gramu 10 zilezile, itakuwa njano ikiwa moto na nyeupe ikipoa, na mizani itasoma gramu 10. Rangi ziliwadanganya wote. Mizani ndiyo iliyotenganisha. Bali mizani nayo ina sharti: kama gesi imeingia au kutoka, lazima ujue, kwani maji yakichemka kwenye neli wazi uzito hupungua bila ukemia wowote.

Ukitaka kutambua kitu: sifa ipi uitegemee?

Chukua mfano ambao magazeti ya hapa yameuandika mara nyingi, dhahabu bandia. Sifa ya kimaumbile ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu haiharibu mali ya mtu. Rangi na mng'ao haviaminiki; shaba ya njano iliyosuguliwa hung'aa vilevile. Pima msongamano: kipande cha gramu 50, kikizamishwa kwenye silinda ya kupimia iliyo nyembamba, kinapaswa kuinua maji kwa mililita 2.6 ikiwa ni dhahabu safi, yenye msongamano wa gramu 19.3 kwa kila mililita. Shaba ya njano, yenye 8.5 hivi, itainua 5.9. Pangusa mapovu ya hewa yanayong'ang'ania kipande, maana povu moja kubwa linaharibu hesabu.

Msongamano una mwongo wake pia, naye anaitwa tungsteni, ambayo ni 19.3 kwa hesabu ya karibu. Kipande cha tungsteni kilichopakwa dhahabu kitapita jaribio la maji bila kutoka jasho. Hapo ndipo sifa ya kikemia inaitwa: tone la asidi ya nitriki kwenye mkwaruzo. Shaba ya njano hutoka povu la kijani na moshi wa kahawia usiofaa kuvutwa. Dhahabu hainyanyui hata kope. Lakini asidi inasoma pale tu ilipogusa, na juu ya tungsteni iliyopakwa itagusa dhahabu halisi. Mkwaruzo lazima uwe wa kina, au kipande kikatwe katikati, na muuzaji anayekataa kukatwa kwa kipande chake amekwisha kukupa kipimo cha tatu.